Hiari ya Mwislamu mbele ya kadhi isibaki kuwa maandishi

Kwa Mhariri,

Tangu Mahakama ya Juu iamue, mwezi wa Juni mwaka 2025, kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu tu wazazi wao hawakuoana, nimesikia kauli mbili zikirudiwa harusini, matangani, kwenye ua wa msikiti na hata ndani ya matatu ya kuja huku Pangani. Ya kwanza inasema kwamba Waislamu wa Kenya wamevunjiwa ahadi na kwamba hakuna jaji mwenye haki ya kugusa mirathi yao. Ya pili inasema wakati umefika mahakama za kadhi zifungwe, na Wakenya wote wawe na sheria moja ya ndoa, talaka na mirathi. Mimi ni mwanamke Mwislamu, mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasindikiza wajane na wanawake waliotalikiwa kwenda kutafuta haki zao, mara kwa kadhi, mara kwenye mahakama nyingine. Naona kauli zote mbili zimemsahau yule ambaye kesi ni yake.

Niwajibu kwanza wanaotaka mahakama hizo zifungwe, kwa kuwa wengi wao hudhani kwamba ziliingizwa katika Katiba ya 2010 kama upendeleo. Makadhi walikuwa wakiamua kesi katika miji ya pwani kabla ya utawala wa Mwingereza. Mwaka 1895, Sultani wa Zanzibar alipokubaliana na Waingereza juu ya usimamizi wa ukanda wa pwani wa maili kumi, mahakama hizo ziliachwa ziendelee, na mnamo Oktoba 1963, ukanda huo ulipokuwa ukiunganishwa na Kenya huru, Mzee Jomo Kenyatta aliahidi katika barua alizoandikiana na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, kwamba mamlaka ya makadhi yangehifadhiwa. Ahadi hiyo ikaingia katika Katiba ya uhuru, ikapata sheria yake mwaka 1967, na tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya wakaipigia kura ya maamuzi Katiba ambayo Kifungu chake cha 170 kinazitaja mahakama za kadhi waziwazi, baada ya kampeni kali ambayo makanisa mengi yalikipinga kifungu hichohicho. Anayetaka zifutwe leo ana haki ya kuomba hivyo, lakini akumbuke kwamba anaomba agano livunjwe, na ajieleze kwa uzito unaolingana na jambo hilo.

Ila historia peke yake haimshibishi mjane. Kwa hiyo naomba niseme niliyoyaona nyumbani kwetu.

Baba yangu alipofariki, kikao cha mirathi kilifanywa sebuleni kabla hata mama hajamaliza eda. Walikaa ami zangu, kaka zangu na mzee mmoja aliyeheshimika mtaani. Mimi na dada zangu tuliitwa mwishoni, tukaonyeshwa karatasi iliyokuwa tayari imeandikwa. Sikugombana na fungu langu, kwa sababu binti hupewa sehemu moja pale ambapo mwana hupewa mbili, na jambo hilo nililikubali kwa imani yangu na ningali nalikubali. Kilichonikata maini kilikuwa juu ya mama. Mke wa marehemu mwenye watoto ana thumuni yake, sehemu moja kwa nane, iliyotajwa katika Qurani yenyewe katika sura ya Nisaa, wala hakuna mwana wala ami mwenye idhini ya kuiondoa. Mama aliambiwa kwamba atatunzwa na wanawe. Thumuni yake haikuandikwa popote. Alitunzwa, namshukuru Mungu, lakini aliishi miaka yake yote iliyobaki akiomba nauli katika nyumba ambayo sehemu yake ilikuwa mali yake.

Hatukwenda kwa kadhi, na hili ndilo ninalotaka wasomaji walipime. Lau tungekwenda, kadhi yeyote anayeijua elimu ya mirathi angeiandika thumuni hiyo katika mstari wa kwanza wa hukumu yake. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967, ambayo wengi huizungumzia bila kuisoma, inasema mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na kwamba ukweli uamuliwe kwa kupima uaminifu wa ushahidi, si kwa kuhesabu mashahidi. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, ambako jaji huketi pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wengine wawili kama washauri. Sebule yetu haikuwa na lolote katika hayo: haikuweka kumbukumbu, haikuwa na rufaa, wala hapakuwa na mtu wa kuuliza mama alisema nini.

Ndiyo maana nashtuka ninaposikia kwamba dawa ya dhuluma wanazotendewa wanawake wa Kiislamu ni kuzifunga mahakama za kadhi. Zikifungwa, watu hawataacha kuoana, kuachana na kurithiana kwa dini yao; watarudi sebuleni. Uingereza haina mahakama ya kadhi, na sheria yake ya talaka ni moja kwa raia wote, lakini wanawake wa Kiislamu huko bado huenda kwenye mabaraza ya kidini yasiyo na hadhi ya kimahakama kuomba talaka ya dini, na anayedhulumiwa katika baraza hilo hana jaji wa kumkatia rufaa kama alivyo naye mwanamke wa Garissa au wa Kibra. Serikali inayojitoa katika jambo kama hili huwa imewaachia jambo hilo wenye nguvu ndani ya ukoo.

Wanaotetea sheria moja hunitajia India, na mfano huo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa nchi hiyo imebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka sabini. Kifungu cha 44 cha Katiba yake kinaielekeza serikali ijitahidi kuwapatia raia sheria moja ya kiraia. Kwa muda mrefu kifungu hicho kilibaki kuwa shabaha tu. Bunge lilizirekebisha sheria za Wahindu mwaka 1955 na 1956, ingawa binti wa Kihindu alilazimika kusubiri hadi mwaka 2005 ndipo apate haki sawa na kaka yake katika mali ya pamoja ya ukoo, na sheria za Waislamu ziliachwa karibu kama zilivyokuwa. Mwaka 1985, mwanamke mzee wa Indore aliyeitwa Shah Bano, ambaye mumewe alimtaliki baada ya ndoa ya zaidi ya miaka arubaini, alishinda kesi ya kudai fedha za matumizi kutoka kwa mtalaka wake katika Mahakama ya Juu ya India, tena kwa kutumia kifungu cha sheria ya mwenendo wa jinai ambacho hakikubagua dini ya mtu. Viongozi wa kidini wakapiga kelele, serikali ya waziri mkuu Rajiv Gandhi ikaogopa kura, na mwaka 1986 Bunge likapitisha sheria iliyokusudiwa kuupindua ushindi huo. Ilichukua hadi mwaka 2001 kwa mahakama kuisoma sheria hiyo kwa namna iliyomrudishia mwanamke aliyetalikiwa haki ya kuandaliwa riziki ya maisha yake ya mbele.

Nikisoma kisa hicho, sioni kwamba mama yule aliangushwa na Uislamu, wala kwamba aliangushwa na kukosekana kwa sheria moja. Waliomwangusha ni wanasiasa waliokaa na wazee wa jumuiya yake wakapatana juu ya kichwa chake. Leo upepo umegeuka. Jimbo la Uttarakhand limepitisha sheria moja ya kiraia mwaka 2024 na kuanza kuitumia Januari 2025, na ndani yake mna mambo ambayo mimi binafsi nayasifu, kama usawa wa mabinti na wana katika mirathi. Hata hivyo sheria hiyohiyo imewaondoa watu wa makabila yaliyotajwa katika orodha maalumu ya Katiba, kwa hiyo si moja kwa wote, na inawatishia kifungo watu wazima wanaokaa kinyumba bila ndoa zaidi ya mwezi mmoja na wasijiandikishe serikalini. Walio wachache wakisikia jina la usawa likitamkwa na wale waliozoea kuwashutumu, hawawezi kulaumiwa wakishika dini yao kama ngao.

Karibu zaidi na sisi, Tanzania ilipitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa watu wa dini zote, na ninaiheshimu, kwa sababu ilifanya hivyo bila kuwadharau wenye dini: ndoa inaweza kufungwa msikitini, kanisani au kimila, na ndoa ya mke mmoja hutofautishwa na ile inayoruhusu zaidi. Lakini sheria hiyo moja iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, na ilibidi Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufaa mwaka 2019, zitamke kwamba hilo linapingana na Katiba. Mirathi haikuunganishwa kabisa. Hadi leo Tanzania Bara ina mirathi ya kimila, ya Kiislamu na ile inayofuata sheria iliyoletwa kutoka India enzi ya ukoloni. Ikiwa hata Mwalimu Nyerere, aliyeunganisha mengi, alifika kwenye mirathi akasimama, sisi tusidhani kwamba ni kazi ya muhula mmoja wa Bunge.

Tena sheria ya jumla si safi kama inavyosifiwa. Jirani yangu ni Mkristo, mzaliwa wa Murang'a. Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika Julai 1981 na haimbagui binti kwa mwana, na bado, baba yake alipofariki, barua ya chifu iliyopelekwa mahakamani iliwataja wana peke yao kama warithi. Alihangaika miaka mingi kuliweka jina lake mahali ambapo sheria ilikwisha kumweka. Sheria hiyohiyo, kama ilivyoandikwa, inampa mjane haki ya kutumia mali ya marehemu maisha yake yote lakini inamwondolea haki hiyo akiolewa tena, huku mwanamume aliyefiwa na mke akioa tena asipoteze kitu. Thumuni ya mjane wa Kiislamu ni ndogo, nakubali, ila ni yake kabisa: anaweza kuiuza, kuitoa wakfu, au kwenda nayo kwa mume mwingine. Sisemi hivi ili kushindanisha dini na serikali. Nasema ili tuache kudhani kwamba dhuluma ina makao upande mmoja tu.

Sasa niwageukie ndugu zangu Waislamu, ambao huenda hadi hapa wamekuwa wakinipigia makofi.

Kifungu cha 170 kinaipa mahakama ya kadhi uwezo wa kuamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wameridhia mamlaka yake. Neno hilo la kuridhia ndilo nguzo ya mpango wote. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki ya usawa ipunguzwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu mbele ya kadhi, lakini kwa kiasi kile tu kilicho cha lazima kabisa. Kwa ufahamu wangu, Katiba haikusema kwamba Mwislamu ni raia wa daraja lingine. Ilisema kwamba raia huyu, kwa hiari yake, anaweza kuchagua kuhukumiwa kwa dini yake. Hiari ikiondoka, uhalali wa mpango huo nao unaondoka.

Nami nashuhudia kwamba mara nyingi hiari haipo. Nimewaona wanawake wakiletwa kutia sahihi wasiyoyasoma, ami akiwa amesimama nyuma ya kiti. Nimemsikia karani wa mahakama moja akimwambia mama mwenye buibui, kabla hajafungua kinywa, kwamba aende kwa kadhi kwa kuwa huku si kwao. Wengi hawajui kwamba waliulizwa swali. Hudhani kwamba kadhi ni kituo cha lazima kwa kila mwenye jina la Kiislamu. Mtu asiyejua kwamba kuna mlango wa pili hawezi kusemwa kwamba ameuchagua wa kwanza.

Liko jambo zito zaidi, ambalo hata mawakili hawalielezi vizuri kwa watu wa kawaida. Hata yule anayekataa kwenda kwa kadhi na kufungua shauri la mirathi Mahakama Kuu hubadilisha mahakama tu, habadilishi sheria. Mwaka 1990 Bunge liliirekebisha Sheria ya Urithi, likasema kwamba mali ya mtu aliyekufa akiwa Mwislamu, awe ameacha wasia au hakuacha, itafuata sheria ya Kiislamu. Naelewa kwa nini Waislamu waliiomba kinga hiyo. Sheria ilipoanza mwaka 1981 iliwalazimisha wote waifuate, na viongozi wetu walipinga kwa miaka tisa kabla hawajasikilizwa. Lakini kinga iliyowaokoa na lazima moja ikawaletea lazima nyingine. Mwislamu wa Nairobi aliyeoa mke Mkristo, na wako wengi, anajua kwamba kwa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, kama ilivyozoeleka, mke huyo hatamrithi. Anaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi, au kumpa hiba, yaani zawadi, angali hai. Akitaka kumwachia zaidi kwa wasia, serikali isiyo na dini rasmi, kwa mujibu wa Kifungu cha 8 cha Katiba, inamwambia kwamba dini yake haimruhusu.

Ugiriki ilikuwa na hali kama hiyo kwa Waislamu wa eneo lake la Thrace, ambako mamufti, wanazuoni wa dini, huamua mambo yao. Mwanamume mmoja wa huko aliandika wasia mbele ya mthibitishaji wa serikali, kwa kufuata sheria ya kiraia ya Ugiriki, akamwachia mkewe mali yake yote. Alipofariki, dada zake walipinga, na mahakama za Ugiriki zikasema kwamba, kwa kuwa marehemu alikuwa Mwislamu, sheria ya Kiislamu ilimhusu atake asitake. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, tarehe 19 Desemba 2018, ilitamka kwamba mjane yule alibaguliwa, na kwamba mtu wa jumuiya ya walio wachache hawezi kulazimishwa kuwa chini ya kinga ambayo hakuiomba. Mapema mwaka huohuo Ugiriki yenyewe ilikuwa imebadilisha sheria yake, ikaifanya sharia kuwa jambo la hiari ya wahusika. Mamufti hawakufukuzwa. Waliotaka kwenda kwao waliendelea kwenda.

Najua nitakavyojibiwa: mirathi ni hukumu ya Mwenyezi Mungu, na muumini hachagui. Nami nasema mimi sichagui. Wasia wangu umekwisha kuandikwa, na mali yangu ndogo itagawanywa kama nilivyofundishwa madrasa nikiwa mtoto. Lakini mimi ndiye nitakayeulizwa siku hiyo kama nilitii. Bunge la Kenya halitasimama mahali pangu. Kitabu hichohicho kilichonipa hesabu ya mafungu ndicho kilichosema kwamba hapana kulazimishana katika dini, na sijawahi kumsikia sheikh akifundisha kwamba sadaka iliyochukuliwa mfukoni mwa mtu kwa nguvu humpa mtu huyo thawabu.

Hiari hii ina mpaka wake, nao ni mtoto. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuridhia mamlaka ya mtu, hakuchagua wazazi, wala hakutenda kosa, na kwa hiyo naukubali uamuzi wa Mahakama ya Juu ingawa najua masheikh ninaowaheshimu wanaupinga kwa hoja nzito za fikihi juu ya nasaba. Vivyo hivyo binti wa miaka 14. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilikusanya sheria saba za zamani ikatambua ndoa za Kikristo, za kiraia, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, ikaweka umri wa miaka 18, kisha katika sehemu ya ndoa za Kiislamu ikaacha mwanya kwa kusema kwamba kipengele kinachopingana na sheria ya Kiislamu hakiwahusu Waislamu. Katika suala la umri, mwanya huo uzibwe. Nimefundisha wasichana wa umri huo kwa miaka mingi, na najua walichokuwa wakikiandika nyuma ya madaftari yao. Hakikuwa habari za mume.

Ninachokiomba si kikubwa. Jaji Mkuu ana uwezo wa kutunga kanuni za mahakama za kadhi. Atunge kanuni kwamba, kabla ya shauri kusikilizwa, kila mhusika asomewe haki yake ya kuridhia au kukataa, kwa Kiswahili, Kisomali, Kiborana au lugha yoyote anayoifahamu, peke yake, bila jamaa chumbani, na jibu lake liandikwe katika jalada. Makubaliano ya mirathi yaliyofanywa nyumbani yasitumike kuhamisha hati ya ardhi mpaka kadhi au jaji amemwona mjane kwa macho yake na kumuuliza kama amepata fungu lake. Nalo Bunge lirekebishe kile kipengele cha 1990, ili sheria ya Kiislamu iendelee kuwa sheria ya mirathi ya Mwislamu, isipokuwa yule aliyetamka kwa maandishi, akiwa hai na mwenye akili timamu, kwamba anataka mali yake ifuate sheria ya jumla.

Nadhani watakaoandika tamko hilo watakuwa wachache. Wengi wetu tutabaki tulipo, nami nitakuwa miongoni mwao, na fungu la binti yangu litakuwa sehemu moja kwa mbili za kaka yake. Nimemweleza hivyo mwenyewe, tukiwa tumeketi wawili, nikamwonyesha karatasi kabla sijatia sahihi, na nikamuuliza anaonaje.

Mwalimu mstaafu,
Pangani, Nairobi